Mikono ya Mchoma Mofa

Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, navua viatu vyangu, nafuta nyayo kwa kitambaa kikavu, kidole kwa kidole, halafu navaa soksi za kupokea. Ni soksi za kijivu, nyembamba, hazina umbo la kumvutia mtu. Ukizivaa tu, miguu yako inaacha kuwa yako.

Kazi yangu inaitwa uhisi. Nina watu kumi na wanane, wote wa Wete na pembezoni mwake, na wote miguu yao imekufa ganzi kwa sababu ya kisukari. Kila mmoja amevishwa utando mwepesi kama ganda la kitunguu, kuanzia kifundo cha mguu mpaka ncha za vidole. Utando unasoma mgandamizo, joto na unyevu, unanipelekea mimi. Wao hawahisi, nahisi mimi kwa niaba yao. Nakaa dakika chache kwa kila mtu, nikimaliza nahamia kwa mwengine, na mzunguko unaanza tena.

Zamani kazi hii iliachiwa mashine peke yake. Mashine ilipiga kengele mtu akipanda ngazi, ikapiga kengele mjukuu akimkalia bibi yake miguuni, na watu wakachoka wakaizima. Unyayo wa binadamu unajua tofauti ya mjukuu na msumari. Ndiyo maana tupo.

"Mzee Makame, vua kiatu cha kulia ukikung'ute," nilimwambia sheha mmoja mstaafu kwa simu, wiki yangu ya kwanza.

"Hamna kitu humu."

"Kimo. Chini ya kidole cha mwisho."

Nikasikia akihema, akiinama, kisha kicheko. "Wallahi, punje ya hindi! Wewe mtoto ni jini?"

Punje ya hindi si mchezo. Kwa mtu asiyehisi, punje moja ikikaa kutwa nzima inatoboa ngozi, ngozi ikatunga usaha, na usaha ukifika mfupani daktari anaomba msumeno. Nimewahi kuuhisi ukucha wa mwalimu mmoja ukiingia nyamani kwa sababu aliukata kwa kuuviringa pembeni badala ya kuunyoosha. Nimewahi kuhisi fangasi baina ya vidole, mwasho mdogo wa mahali palipobaki na maji baada ya udhu. Haya yote nayasema kwenye simu kwa sauti ya chini, kwa sababu mimi ni mtu ninayeona haya hata kuagiza chai mkahawani.

Na kila siku, baada ya swala ya alasiri, ilikuja mikono ya Mzee Khatibu.

Yeye hakuwa mgonjwa wangu. Mgonjwa alikuwa mkewe, Bi Mkasi, mwenye umri wa miaka sitini na sita. Mzee Khatibu anachoma mikate ya mofa: anatia mkono ndani ya tanuri la udongo na kuubandika unga wa mtama kwenye ukuta wa moto, mara mia mbili kwa siku, tangu ujana wake. Mikono yake ni migumu kama gome la mkarafuu. Ilimkanda mkewe kwa mafuta, ikianzia kisigino cha kushoto, siku zote kushoto, ikapita kwenye magaga taratibu kama mtu anayepita penye vyungu. Halafu kidole gumba, halafu kimoja kimoja. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Kanuni yetu ni nyepesi. Mkono wa mtu ukigusa mguu kwa zaidi ya pumzi tano, mhisi anabonyeza kitufe cha faragha na kuvua soksi. Kitufe kinazuia kumbukumbu, hakuna namba inayoandikwa. Soksi unavua mwenyewe.

Nilikuwa nabonyeza kitufe. Soksi sikuwa navua.

Sitajitetea. Nina miaka ishirini na minne, nimetoka Makunduchi kuja kufanya kazi Pemba, nimepanga chumba kimoja kwa watu wasionijua, na hakuna aliyewahi kunishika miguu. Nilikuwa nafumba macho kwa robo saa, nikisha nawapigia wagonjwa wengine simu.

*

"Njoo uone," aliniambia Bi Thuwaiba, mkuu wetu wa zamu, Jumatatu asubuhi.

Kwenye kioo cha meza yake palikuwa na picha za mguu wa Bi Mkasi. Muuguzi alikuwa amekwenda kuubadilisha utando, kama kila wiki. Juu ya mguu wa kushoto palikuwa na malengelenge matatu, moja kubwa kama kungu, na ngozi baina ya vidole ilikuwa imelainika, nyeupe kama karatasi iliyorowa.

"Joto linasemaje?" aliniuliza, ingawa namba zilikuwa mbele yake.

"Kushoto kumezidi kulia. Digrii tatu, siku ya pili leo."

Kila mhisi anaijua hesabu hii. Miguu ni kama mapacha, mmoja ukiwa na moto kuliko mwenziwe kwa zaidi ya digrii mbili, siku mbili mfululizo, basi chini ya ngozi kuna jambo linapikika.

"Viatu?"

"Havimbani. Nimevihisi."

"Amekanyaga mchanga wa moto?"

"Hajatoka nje wiki nzima. Ana mafua ya kipupwe."

"Basi ni nini, Zuwena? Miguu ni yako."

Nikatazama sakafu.

Bi Thuwaiba si mtu mbaya. Alishusha sauti. "Keshokutwa baraza la afya linakaa kumjadili. Chanzo kikijulikana na kikaondolewa, anabaki kwake. Kisipojulikana, unaijua sheria. Atavushwa Unguja, Nyumba ya Mapumziko. Nyumba inayomuumiza mtu bila kujulikana inavyomuumiza hatuwezi kumwacha ndani yake."

Nyumba ya Mapumziko ni safi na watu hupona huko. Lakini wanakaa miezi minane, wengine mwaka, na waume hawalali huko. Mzee Khatibu ana tanuri ambalo likipoa siku tatu linapasuka.

Nilirudi kwenye kiti changu nikavaa soksi, nikazungukia watu wangu wote, na kila nilipofika kwa Bi Mkasi nilihisi kitu kama chai iliyosahauliwa mezani. Hapo ndipo nilipoelewa.

Maumivu na moto havitufikii kamili. Vinapunguzwa njiani, inabaki sehemu moja katika kumi, ama sivyo mhisi angerudi kwao akichechemea kila jioni. Mguso unafika wote, ila moto unafika mdogo. Na wiki tatu hizi, tangu kipupwe kilipoanza kuuma, Mzee Khatibu alikuwa ameanza na maji kabla ya mafuta. Beseni la maji ya chumvi, kushoto kwanza, kulia maji yakishapoa. Nilikuwa nimeyahisi yakipanda mpaka kwenye kifundo, vuguvugu, matamu. Nilikuwa nimejisemea: Mungu ambariki mzee huyu.

Vuguvugu langu lilikuwa moja katika kumi.

Yeye ndiye aliyekuwa akimuunguza mkewe, kila alasiri, kwa mapenzi. Na hakuna namba hata moja iliyoandikwa, kwa sababu kitufe nilikibonyeza. Shahidi pekee alikuwa nyayo zangu, ambazo hazikutakiwa kuwepo.

*

Jumanne nilikwenda kwao. Wahisi hatuendi majumbani, lakini niliomba ruhusa ya nusu siku na sikusema ya nini.

"Hodi!"

"Karibu, sukuma tu."

Nilivua viatu kizingitini. Bi Mkasi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, cha mwakisu, miguu imenyooshwa juu ya mto, mguu wa kushoto umefungwa bendeji. Sikuwahi kumwona, lakini nilivijua vidole vyake kabla ya uso wake: cha pili kirefu kuliko gumba, cha mwisho kimelala ubavu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Zuwena. Wa soksi."

"Marahaba. Aa! Sauti hii!" Alinipigapiga mkono. "Nilikudhani mnene. Sauti yako kwenye simu nene. Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia pasipouma. "Bibi, nahisi unatembea pekupeku ndani. Ungepata viatu vya ndani."

"Viatu ndani ya nyumba? Penye mkeka wa kusalia? Mama yangu atafufuka."

"Vya ndani tu, visitoke nje. Mkekani unavua. Watu wengi wanaumia ndani, si nje. Nje wanajihadhari."

"Wewe umekuja kutoka kazini kuniambia habari ya viatu?"

Nikasema hapana. Kisha nikamwambia yote, haraka, macho yangu kwenye mkeka. Maji. Moto. Kitufe na soksi.

Bi Mkasi alivuta kanga akaifunika miguu yake, yote miwili, kama mtu aliyeingiliwa akioga.

"Kwa hiyo," akasema, "tulikuwa watatu."

"Nisamehe, bibi."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi minne."

"Na wewe hukuona haya."

"Niliona. Nikaendelea."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitazama dirishani, ambako moshi wa tanuri ulikuwa ukipanda nyuma ya ua, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nyengine.

"Ikoje?"

"Nini, bibi?"

"Mikono yake. Mimi sijaisikia miaka sita."

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia anavyoanzia kisigino cha kushoto. Nikamwambia anavyopunguza nguvu akifika kwenye magaga, na anavyokaa kidogo kwenye kidole kilicholala ubavu, kama anakihurumia. Bi Mkasi alikuwa akitikisa kichwa, machozi yakimtoka bila sauti.

"Lakini mbona hajui?" nikauliza. "Anajua una ganzi. Utando anauona."

"Anajua sihisi moto, sihisi mwiba, sihisi jiwe." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia, vyote vimekufa isipokuwa mikono yako. Ile siku niliyoambiwa na daktari, aliacha kuchoma mikate. Alikaa pale, mikono kaiweka mapajani kama vyombo vya mtu aliyekufa. Nikamwambia, weka hapa. Akaweka. Nikamwambia, hii naisikia. Basi akainuka, akaenda kuwasha tanuri."

"Na maji?"

"Ananiuliza, maji sawa? Namwambia sawa. Nimwambie nini? Yeye ananiamini mimi, mimi namwamini yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Mikono yake imezoea tanuri, haijui tena maji ya moto ni yepi, kwa hiyo anamuuliza mkewe. Mkewe hahisi, kwa hiyo anamwachia mumewe. Kila mmoja alikuwa amemkabidhi mwenziwe mguu ule, na mguu ukaungua katikati yao.

"Bibi, lazima niseme. Kesho baraza linakaa. Nisiposema utapelekwa Unguja."

"Basi nipelekwe."

"Miezi minane, bibi!"

"Nipelekwe. Mguu utapona huko, si ndivyo? Na yeye atabaki na chake. Ukimwambia utakuwa umemchukulia." Alinishika kiganja. "Jisemee yako ukitaka. Yangu usimwambie. Niahidi, Zuwena."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana vilevile. Nilinyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ahadi, kama watu wanavyofanya wakitaka sana kitu.

*

Mzee Khatibu aliingia baada ya swala, mfupi, mwembamba, nyusi zimeungua ncha. Alikuwa amebeba mofa mbili za moto kwenye sahani ya bati.

"Mama Nuru, tuna mgeni na hukuniita!"

"Huyu ndiye wa soksi," Bi Mkasi alisema. "Amekuja kunitazama."

"Ndiye huyu mdogo hivi? Anayejua mpaka punje ya mchanga?" Aliniwekea mofa mbele. "Kula, mjukuu wangu. Serikali haiwapi chakula nyie. Serikali ina dawa yake, na mimi nina yangu. Utaona leo."

Akatoka, akarudi na beseni. Mvuke ulikuwa mwepesi, ungeweza kuudhania hewa ya kipupwe. Alimimina chumvi, akakoroga kwa mkono wote mpaka kwenye kifundo, bila hata kukunja uso.

"Vuguvugu," akaniambia kwa fahari. "Madaktari wanamwambia hahisi. Mimi ananihisi. Muulize mwenyewe."

Bi Mkasi alinitazama. Macho yale sitayasahau.

"Babu," nikasema, "mguu una bendeji. Daktari hakusema usitiwe maji?"

"Huu mmoja umefungwa, mwengine umefungwa?" Akapiga magoti, akauinua mguu wa kulia kwa mikono miwili. "Maji sawa, mke wangu? Au nipunguze?"

Bi Mkasi hakuyaondoa macho yake kwangu. "Sawa," akasema.

Mguu ulikuwa shubiri moja juu ya maji. Niliwaza mambo mawili tu. La kwanza, kwamba siri ile si yangu, na nimekwisha kuwaibia vya kutosha. La pili, kwamba ule ni mguu wake mzima wa mwisho.

Nikatia mkono wangu katika beseni.

Nilikusudia kuhesabu mpaka tatu. Nilifika mbili. Nikautoa, nikauweka juu ya goti langu. Ulikuwa mwekundu kama uliochapwa, mpaka kwenye kifundo, penye bangili.

Mzee Khatibu aliutazama. "Umejiunguza, mtoto."

"Ndiyo, babu."

"Kwa maji haya?" Akatia wake tena, akaugeuza ndani ya maji, upande huu na upande ule. "Mbona mimi..." Akautoa. Akautazama mkono wangu, akautazama wake. Halafu, taratibu sana, akauweka mguu wa mkewe juu ya mkeka.

"Mama Nuru. Umesema sawa."

Bi Mkasi aliufunika mguu kwa kanga.

"Nimekuuliza maji, ukasema sawa."

"Sihisi," alisema Bi Mkasi.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa daktari."

Alihesabu, midomo ikicheza. "Kila siku unaniambia, hapo hapo, hapo pazuri."

"Nakuambia."

"Basi nilikuwa nakanda gogo."

"Usiniite gogo, mwanamme wewe," alisema, na sauti ikamkatika.

Mzee Khatibu aliinuka, akabeba beseni, akatoka nalo. Tukamsikia akilimwaga uani.

"Umenivunjia nyumba," Bi Mkasi aliniambia. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilikaa pale na mkono wangu uliokuwa ukipwita, na moto ule ulikuwa kamili, kumi katika kumi. Nilidhani nimeuokoa mguu na kuua kitu kikubwa zaidi. Mpaka leo sijui kama ningekuwa na haki ya kufanya vile endapo mambo yangeishia vingine.

Mzee alirudi baada ya muda. Alikuwa na bakuli la maji baridi na kitambaa. Aliniwekea mbele yangu, akakaa mbali kidogo.

"Tia mkono humo. Wote, usitoe haraka." Kisha: "Umejuaje? Hata kabla hujatia mkono ulikuwa unajua. Nilikuona usoni."

Nikamwambia. Ilikuwa vigumu kuliko kumwambia mkewe. Alisikiliza kichwa chini.

"Kwa hiyo aliyekuwa akinihisi ni wewe."

"Ndiyo, babu."

"Mtoto wa watu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Astaghfirullah. Na wewe ulikuwa unaniacha tu niendelee kumuunguza?"

"Kwangu yalifika vuguvugu. Sikujua. Nisingebonyeza kitufe, namba zingeandikwa; ningefuata kanuni, nisingekuwepo kabisa. Nilikaa katikati."

"Na yeye alikuwa anajua?" Alimwonesha mkewe kwa kidevu.

"Leo ndiyo kajua."

Bi Mkasi alijikohoza. "Nilimuuliza mikono yako ikoje," akasema.

Mzee aligeuka. "Ukamuuliza?"

"Nilikuwa nataka kujua."

"Akasema nini?"

"Akasema unakaa sana kwenye kidole changu kibaya."

Mzee Khatibu alichukua kipande cha mofa, akakikata, akakirudisha kwenye sahani.

"Sikai," akasema mwisho. "Napita tu."

"Unakaa."

Ndipo nikaona mabega yake yameshuka, na ya Bi Mkasi vilevile, ijapokuwa hawakutazamana.

"Andika," Mzee aliniambia. "Andika kwamba ni Khatibu wa mofa aliyemuunguza mkewe. Asipelekwe Unguja kwa kosa langu."

"Nitaandika na langu, babu. Bila langu hawataliamini lako."

*

Niliandika kurasa mbili. Baraza lilisoma kwa robo saa. Bi Mkasi alibaki kwake, kwa masharti: hakuna kuroweka miguu, maji ya kunawia yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwengine au kwa kipimo, mafuta yapakwe juu na chini lakini si baina ya vidole, na nyayo zikaguliwe kila siku kwenye mwanga. Mguu wa kushoto ulichukua wiki saba kupona. Kidole kimoja kilituogopesha, ukingo wake ukawa mweusi kwa siku nne, kisha ngozi mpya ya waridi ikatokea chini yake.

Soksi zangu nilizirudisha siku ileile ya baraza.

"Ungenyamaza nisingejua," Bi Thuwaiba aliniambia, akizikunja. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, Zuwena. Usidhani wewe ni wa kwanza kusahau kuzivua." Akafunga kabati. "Wewe ni wa kwanza kuliandika. Lakini hutazivaa tena."

Nilipewa mkoba wa bendeji na orodha ya nyumba za kuzungukia kwa miguu. Siku hizi nagonga milango, nasema hodi, navishika visigino vya watu kwa mikono yangu, na wao wananiona ninapowashika. Bado naona haya. Nimeanza kuzoea.

Kwa Bi Mkasi nakwenda Jumamosi. Safari ya mwisho nilichelewa, nikawakuta wameshaanza. Yeye alikuwa kitandani, viatu vya ndani vya manjano vimepangwa pembeni, Nuru, binti yao, amevileta kutoka Maskati. Mumewe alikuwa sakafuni na kichupa cha mafuta. Bendeji ilikuwa imetoka.

Mzee Khatibu si mtu wa kueleza anachokifanya, kwa hiyo nilishangaa kumsikia akikieleza kimoja kimoja, kwa sauti ya mtu anayesoma barua polepole.

"Niko kisiginoni. Magaga yamepungua, hapa pamekuwa laini. Sasa napanda. Hapa pana kovu, nalizunguka. Limekauka. Gumba hili. Nimelishika kwa vidole viwili."

"Kwa nguvu?" Bi Mkasi aliuliza, amefumba macho.

"Kidogo. Kama unavyoshika yai. Cha pili. Hiki kirefu chako. Cha nne hiki. Na hiki kilicholala."

"Umekaa hapo?"

"Nimekaa kidogo. Basi. Nimemaliza, nahamia wa kulia."

"Hujamaliza. Cha tatu umekiruka."

Mzee alisimamisha mkono. Akautazama mguu, akamtazama mkewe, ambaye macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Umejuaje?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hukukitaja," alisema Bi Mkasi.

Akarudi kwenye cha tatu. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikavaa viatu vyangu, nikaenda kungoja uani penye tanuri.